Mtungi wa Sita

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mitungi arobaini na miwili ilikuwa imepanga laini mbele ya mfereji wa ploti ya nyumba za kupanga anayoitunza Githinji, mtaani Lucky Summer, na wenyewe walikuwa bado wamelala. Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda pale. Mtungi ukishawekwa kwenye laini, huo si mtungi tena, ni mtu. Unaweza kuchelewa kanisani, unaweza hata kuchelewa kwenye harusi yako mwenyewe, lakini mtungi wako ukiwa wa tatu, wewe ni wa tatu, na asiyekubali aje waongee. Kila mmoja ulikuwa na alama yake: rangi ya kucha, kitambaa kwenye mshikio, jina lililochomwa kwa msumari wa moto. Wa Wanyoike, fundi wa pikipiki, uliandikwa USIGUSE HATA KAMA NIMEKUFA.

Arobaini na mmoja ilikuwa ya manjano, ile inayokuja na mafuta ya kupikia. Mmoja, wa sita, ulikuwa wa bluu.

Mwangangi alisimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu mkononi, akauangalia ule wa bluu kama mtu anavyoangalia nzi kwenye chai. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za pasipoti katika kibanda kimoja Baba Dogo, mahali ambapo mteja haruhusiwi kucheka, na ukurasa wake wa picha za mtaa ulikuwa na wafuasi mia tatu na kumi na wawili. Kumi na mmoja walikuwa jamaa zake wa Kitui. Wawili walikuwa yeye mwenyewe.

Jua lilikuwa linaingia chini chini kutoka upande wa bafu, na ile manjano yote ilikuwa inawaka. Picha ilikuwa imeiva. Ila bluu. Akashuka, akauinua mtungi wa sita, akauficha nyuma ya bafu, akarudi juu ya ndoo na kupiga mara kumi na nne. Kisha akaingia ndani kuchagua iliyo bora, na kuchagua picha ni kazi inayoweza kumsahaulisha mtu hata jina la mamake.

Mtungi ulibaki nyuma ya bafu.

Ulikuwa wa Jecinta, Mama Kate, mama wa kufua. Alirudi na magunia mawili ya nguo za wateja akakuta laini imeshapita nafasi yake, na sheria ya laini haina rufaa: ukikosekana, umekosekana. Akauokota mtungi wake, akaenda mwisho. Walipobaki watu wawili mbele yake, mfereji ukakohoa, ukatema hewa, ukanyamaza. Haukutoa tone tena.

"Nani alisongesha mtungi wangu?" Jecinta aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyowatisha watu.

Hakuna aliyejua. Mwangangi alikuwa anajua, lakini wakati huo alikuwa anatafuta maneno ya kuweka chini ya picha.

Kufikia Jumatatu picha ilikuwa imeonwa na watu elfu tisini. Mtu wa Ujerumani aliweka moyo. Mtu wa Makadara aliandika, "Hii ni sanaa ama ni shida?" na maneno yake yakapendwa kuliko picha yenyewe. Jumanne, Kavindu, dada mkubwa wa Mwangangi, aliinua simu kutoka kwenye mkeka, akaikung'uta.

"Simu yako inavuja," akasema.

Ni kweli, ilikuwa inavuja. Ule mfereji wa kwenye picha ulikuwa umefunguka, na maji yalikuwa yanashuka hadi ukingo wa kioo, kisha yanadondoka mkekani.

"Si uweke karai, Mwangangi! Huu mkeka nimeuanika juzi."

Githinji, aliyekuwa keateka, mtunzaji wa ploti, kwa miaka kumi na saba, alikuja, akachovya kidole, akaonja. Akasema ni maji ya bomba, yana dawa, hayana neno. Akakata mpira wa tyubu ya baiskeli, akaifunga simu juu ya mfereji mkavu, na saa kumi na mbili jioni watu wakaanza kuteka. Walijipanga kwa mpangilio wa picha. Mmoja aliyejaribu kuja wa kwanza alionyeshwa kwenye kioo kwamba yeye ni wa thelathini, akarudi wa thelathini.

Jecinta alipoweka mtungi wake, maji yalijipinda kando, kama mtu anayekwepa dimbwi, yakaenda kwenye mtaro. Akausogeza. Maji yakajipinda upande wa pili. Akausogeza tena. Githinji akafuta miwani yake kwa shati, akainama, akaikagua picha.

"Mama Kate," akasema, "wewe kwa picha hauko."

Jecinta alichukua simu, maji yakimtiririka hadi viwiko, akaivuta picha kwa vidole viwili ikawa kubwa. Katikati ya mtungi wa Kavindu na ule wa Wanyoike, kwenye simiti, kulikuwa na alama ya unyevu, umbo la kitako cha mtungi.

"Hapa ndipo nilikuwa," akasema. Kisha akamwangalia Mwangangi. "Ni wewe."

"Mama Kate, ilikuwa tu ni rangi. Ile bluu ilikuwa inapigana na zile zingine..."

"Na mimi nilikuwa napigana na nani?"

Hakuna aliyecheka, hata Wanyoike, ambaye hucheka matangani.

"Nakuomba msamaha, mathe."

"Sijakuitisha msamaha. Nirudishe mahali pangu."

Kwa wakati huo, chumbani kwa Jecinta kulikuwa na magunia saba ya nguo chafu, na wenyewe walikuwa wameanza kuuliza. Kijana mmoja alikuwa amebakiwa na suruali ya harusi tu, akawa anaivaa kazini. Wiki mbili hivi bila maji, na wateja wote wangehamia kwa mama wa ploti inayofuata, na mteja wa kufuliwa akishahama harudi, ni kama jino. Kulikuwa na mfereji wa kanisa kule Baba Dogo, lakini pale walikuwa wanahesabu vichwa, hawahesabu mitungi: kichwa kimoja, mtungi mmoja kwa siku. Huo unatosha kupika na kuosha uso. Haufui gunia.

Walijaribu. Kavindu alimwazima mtungi wake wa manjano, ukajaa vizuri, wakaubeba wawili, na ulipovuka kizingiti cha Jecinta ulikuwa mkavu kama mkate wa jana. Mwangangi akaupiga picha mtungi wa bluu peke yake, asubuhi na mapema, kwa ustadi wote aliokuwa nao. Watu sitini na wawili waliiangalia. Yalitoka matone sitini na mawili. Jecinta aliyakinga yote, akaloweshea kola moja.

Na ile picha ya kwanza nayo ilikuwa inazeeka. Kadiri watu walivyoichoka, ndivyo maji yalivyopungua, hadi ikabidi Mwangangi aposti mpya kila siku. Ploti nzima ikawa ofisi yake. Wanyoike alimshauri aposti saa moja jioni, watu wakiwa wamekwama kwenye foleni za magari na hawana pa kuangalia. Nyanya wawili wa nyumba za nyuma walifunguliwa kurasa, wakafundishwa kubonyeza moyo. Githinji, ambaye hajawahi kusifu kitu tangu azaliwe, alikuwa anaandika chini ya kila picha, "Kazi safi kijana." Mwangangi akigombana na watu kwenye maoni, maji yanakuja ya moto. Akiweka maneno marefu, yanakuja na matope. Mitungi iliyopangwa kwa umbo la moyo ilitoa maji siku mbili bila kupumzika, na wafuasi wakafika elfu thelathini. Hakuna aliyekumbuka tena kupiga simu ofisi ya maji. Wangewaambia nini?

Alhamisi moja Mwangangi alipanga laini upya, akaurudisha mtungi wa bluu nafasi ya sita, akapiga picha na kuiposti. Alifanya hivyo bila kuuliza mtu. Jioni hiyo watu waliipita ile picha kama wanaopita mwenye kuhubiri stendi, na kila nyumba ikapata nusu mtungi. Jecinta alipata vikombe vitatu.

Jumapili baada ya kanisa, Githinji aliitisha mkutano uani.

"Mama Kate, hakuna mtu hapa ana ubaya na wewe," akaanza.

"Naona," akasema Jecinta.

"Ni wafuasi. Wafuasi hawaipendi hiyo rangi. Sisi tungefanya nini?"

"Si aupake manjano tu?" sauti ikatoka nyuma.

"Mtungi wangu haujamkosea mtu. Kama kuna wa kupakwa rangi, nitawaonyesha."

Wakapiga kura kwa mikono. Wanyoike aliinua wake huku akiangalia viatu vyake. Kavindu aliinua nusu, kama anayejikuna kichwa, akahesabiwa. Mwangangi hakuinua, lakini alikuwa ameshika simu kwa mikono yote miwili, hivyo hakuna aliyemtarajia. Ikapita kwamba nafasi ya sita iachwe wazi hadi hapo mambo yatakapokuwa mazuri.

Siku tatu Mwangangi hakulala vizuri. Kila alipopita mlango wa Jecinta alikuwa anasikia mtu anakunja nguo chafu kana kwamba ni safi. Siku ya nne aliamua kusema ukweli mbele ya watu wote. Alisimama uani, laini ya mitungi ya manjano nyuma yake, nafasi ya sita ikionekana wazi juu ya bega lake, akajipiga picha. Huzuni yake ilikuwa ya kweli kabisa, lakini ilimchukua mara ishirini na tatu kuipata kwa upande mzuri. Chini akaandika: "Hapo palikuwa na mtungi wa mama wa watu. Niliuondoa kwa sababu ya rangi. Nisameheni."

Kabla ya chakula cha mchana watu laki mbili walikuwa wameiona. Walilia. Walimwita shujaa, walimwita mfano wa vijana. Ile simu ikaanza kutetemeka juu ya mfereji, maji yakatoka kwa kishindo, ikabidi Githinji afunge mpira wa pili. Watu waliteka mitungi, wakateka ndoo, wakateka sufuria, wakateka hadi kwenye viatu vya mvua. Jecinta akaleta mtungi wake, akauweka pale pale wazi, nafasi ya sita. Maji yaliuruka. Hata Mwangangi aliona sababu, kwa maana alikuwa anaijua kazi yake: kilichokuwa kinawaliza watu ni ile nafasi kuwa tupu. Ikijazwa, hakuna picha.

Saa kumi alikwenda kubisha mlangoni kwake. Jecinta alikuwa anafunga nguo kwenye magunia, kila mteja na lake, zirudi kwa wenyewe zilivyokuja.

"Mama Kate, watu laki mbili wamenisamehe."

Jecinta akafunga fundo, akalikaza kwa meno.

"Wote hao walikuwa kwenye laini?"

Nje, maji yalikuwa yanavuma kama maombi ya mkesha.

"Unataka kunisaidia?" akasema Jecinta. "Kanisani wanafunga saa kumi na moja. Wanahesabu vichwa. Mimi ni kichwa kimoja. Ukinisimamia kwenye laini tutakuwa viwili. Kila siku ukinisimamia, nitafua shati nne, tano, na hawa wateja wawili watatu waliobaki wasiende. Hivyo tu. Sitaki picha."

"Twende," akasema Mwangangi, na alikuwa anamaanisha.

Jecinta akamkabidhi mtungi wa bluu, yeye akachukua ndoo yenye mfuniko. Wakapita uani bila kuangalia kando. Watu wakawapisha. Walikuwa wamefika getini, mguu mmoja wa Mwangangi ukiwa tayari nje kwenye vumbi, wakati kishindo cha maji kilipokatika ghafla na Githinji akapiga kelele.

"Mwangangi! Simu imejifunga! Inataka kidole chako!"

Akageuka. Laini nzima ilikuwa imegeuka pia. Kulikuwa na nyanya wawili wenye mitungi iliyojaa nusu, na Kavindu na karai lake, na watoto waliopakwa sabuni mwili mzima, wamefumba macho, wanangoja.

"Ni kidole tu, kijana! Sekunde moja!"

"Na wafuasi wamefika elfu tisini na tisa!" akapaza Wanyoike. "Ikizima sasa hivi tutawatoa wapi hao wengine?"

Mwangangi alimwangalia Jecinta. Jecinta hakunyoosha hata mkono kuuchukua mtungi. Alisimama tu, akiangalia barabara inayokwenda Baba Dogo, kama mtu anayehesabu dakika na hataki kumwonyesha mwingine hesabu.

"Nakuja saa hii," akasema Mwangangi, na pale Lucky Summer kila mtu anajua saa hii ni saa ngapi.

Akauweka mtungi chini getini, taratibu, akajifuta kidole gumba kwenye suruali ili simu isikikatae, akarudi mbio. Jecinta akauokota mtungi, akaweka ndoo kichwani, akaondoka.

Jioni hiyo ukurasa ulivuka laki moja, na maji yalikuja na nguvu nyingi hivi kwamba Wanyoike aliosha pikipiki mbili, na moja wala haikuwa yake.