Damu ya Estelle Haina Kosa

Jumapili ya tatu ya matangazo ya ndoa, jina la Estelle halikusomwa kanisani. Wachumba wengine walitajwa, vigelegele vikapigwa, naye amekaa na kilemba chake kipya.

Kisa ni kile kipimo cha damu ambacho kanisa lao linawadai wanaotaka kuoana. Estelle hakukutwa na ukimwi wala selimundu. Ila chembe zake nyeupe za damu zilionekana pungufu, karatasini ukachorwa mshale wa kushuka, na kabla bukari, ugali wa jioni, haijaiva, mtaa mzima wa Kikula ulishamwita mgonjwa.

Mchana wa Jumapili hiyo papa Isidore, karani mstaafu na baba mdogo wa mchumba wake, alifika kwao pamoja na mchumba mwenyewe, Rémy.

"Tunakupendaka, mwana," papa Isidore alisema. "Lakini globules blancs yako, ile chembe nyeupe, iko chini. Njo tulilomba pasta asisome jina yako. Tutaingiza namna gani mugonjwa mu famille?"

Mugonjwa! Yeye, mwalimu wa biolojia asiyejua hata godoro la hospitali likoje! Estelle alimtazama Rémy. Rémy akatazama viatu vyake.

"Papa, miye siko mugonjwa," alisema, kisha akaeleza kama anavyoeleza darasani. Mwili ukijeruhiwa hutoa kemokine, vijumbe vya kuziita chembe nyeupe. Kila chembe ina vipokezi kwenye ngozi yake. Kemokine hushika kipokezi kwa nje kwanza, kama mgeni anayepiga hodi. Ncha yake ikizama ndani, kipokezi hugeuka umbo, na chembe inaelekea kwenye kidonda. Wazungu wengi wana kipokezi kingine cha kemokine, kiitwacho Duffy, juu ya chembe nyekundu. Waafrika wengi hawana hicho. Kwa hiyo chembe zao nyeupe hazikawii mishipani: zinaingia mwilini, ndiyo maana kwenye kipimo zinaonekana chache, na kazi zinafanya vilevile.

"Bipimo balibiweka na damu ya Bazungu," alimaliza kwa ukali, "njo sisi banatuita bagonjwa!"

Papa Isidore alicheka. Masomo mengi, alisema. Yeye damu yake ilikuwa ya chuma.

"Basi papa apimwe," Estelle alimjibu.

Alipimwa, kifua mbele. Nyani haoni kundule: mshale wake ulishuka kuliko wa Estelle. Daktari akamwambia yu mzima, tena kwa maneno yale yale ya Estelle.

Papa Isidore alirudi kwa kina Estelle na Rémy, kofia mkononi. "Iko vile, mwana. Dimanche inayokuya, mu kanisa, jina yako itasomwa."

Hapo ndipo Rémy alipofungua mdomo, uso umemchangamka. "Unaona, chérie? Sasa najua uko muzima."

Estelle alisimama.

"Sasa? Juu ya damu ya papa? Yangu ilikuwa mayi?"

Estelle akachukua kilemba chake, akaenda kwa pasta kumwambia jina lisisomwe tena.