Fataki mbili za Amâncio

Kaka yangu Amâncio aliwahi kuuvunja ubatizo wa binti yake mwenyewe, naye hata kanisani hakuwepo. Alikuwa kibandani kwake juu ya genge, darubini usoni, analinda bahari. Padre ameshateka maji, baba wa ubatizo, Gualter, amembeba mtoto, mara fataki mbili zikapasuka angani. Gualter alinisukumia mtoto kifuani na kutoka mbio na viatu vyake vipya, wanaume wote wakimfuata. Tulibaki wanawake, padre na mtoto anayelia. Jioni walirudi na nyangumi wawili, na mtoto akabatizwa na watu wanaonuka mafuta.

Ndivyo tulivyoishi hapa kisiwani Pico tangu enzi za babu zetu. Mlinzi akiona nyangumi anapuliza, analipua fataki mbili kuelekea upande alipo, na kila mwanamume anaacha alichoshika. Kinyozi anaacha shavu moja na povu. Anayekamua ng'ombe anaacha ndoo. Mashua zinashushwa, makasia yanapigwa kufa kupona, na mchoma chusa anasimama mbele. Gualter alichoma chusa miaka ishirini na sita. Mimi Eduína nina mkahawa mdogo hapo hapo bandarini, na siwezi kuhesabu supu zilizopoa mezani kwangu kwa sababu ya kaka yangu.

Halafu ikaisha, na haikuisha kwa siku moja. Zamani mafuta ya nyangumi yaliwasha taa za miji ya watu; yakaja mafuta ya kuchimbwa ardhini. Yetu yakabaki ya kulainishia mitambo na kupaka ngozi. Nayo yakapata mbadala. Wanunuzi wakapungua mwaka hadi mwaka, kiwanda kikafungwa, na mwisho ikaja sheria ya kupiga marufuku. Sitasema uongo: nilifurahi wanaume waliporudi nyumbani wazima kila siku, na sikulikosa lile vundo la kiwanda. Lakini Amâncio alishuka kutoka kibandani akaketi jikoni kwake, mgongo dirishani, na akakaa hivyo miaka minne. Mtu aliyeona pumzi ya nyangumi umbali wa maili ishirini alikuwa anatazama kabati la vyombo.

Binti yake Lucília, yule wa ubatizo, sasa yuko Toronto. Akamkatia baba yake tiketi ya ndege ya Jumamosi, aende akaishi naye huko ghorofa ya tisa. Amâncio akakubali bila neno. Mimi ndiye niliyekuwa na maneno. Ni kaka yangu wa pekee, na nilijua kabisa kwamba hatakaa huko mwaka mmoja bila kufa kwa upweke. Nilikuwa sitaki aende, basi.

Jumatano ya wiki hiyo hiyo Zulmira akaingia mkahawani, amenuna. Huyu ni mjukuu wa marehemu nahodha wetu; alirudi kutoka Kanada na boti ya mpira na wazo ambalo bandari nzima ililicheka: kuwapeleka wageni kuwaangalia nyangumi, kuwaangalia tu. Alikuwa na Waholanzi saba, na kwa siku tatu walikuwa wameangalia maji.

"Shangazi Eduína," akasema, "bahari ni kubwa. Mimi niko chini kule, sioni kitu. Wageni wanaondoka kesho kutwa, na wakiondoka hivi hivi hatakuja mwingine. Ninamtaka Mjomba Amâncio arudi juu."

"Umemwomba?"

"Mara mbili. Ameniambia kutazama ametazama vya kutosha."

Gualter alikuwa kwenye meza yake ya kona, na supu yake ya kabichi. "Muache mzee aende zake Kanada," akasema. "Nyangumi wa kutazamwa. Kwani ni bibi harusi?"

Hapo ndipo nilipopata akili. Nikavua aproni, nikaenda moja kwa moja jikoni kwa kaka yangu.

"Amâncio, nimekuja kuchukua ufunguo wa kibanda."

"Wa nini?"

"Gualter anautaka. Amekubali kuwa mlinzi wa Zulmira."

Akageuka taratibu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kuuona uso wake wote. "Gualter? Gualter huyu? Siku ya harusi yake alipita mlango wa kanisa mpaka tukamrudisha. Gualter ataona nini?"

"Anasema hata wewe ulikuwa unabahatisha tu."

"Amesema hivyo?"

"Kwa mdomo wake," nikasema, na Mungu anisamehe, maana kilichokuwa mdomoni mwake ni supu na kejeli tu.

Alfajiri ya Alhamisi niliiona taa ya Amâncio ikipanda njia ya genge. Zulmira alikuwa amempa redio ya kuongelea na kumfundisha kuitumia mara tatu: bonyeza hapa, sema, achia. Amâncio aliishika kwa ncha za vidole kama samaki aliyeanza kuoza.

Asubuhi ilikuwa tulivu, bahari nyeupe. Zulmira alikaa kwenye boti na Waholanzi wake, redio sikioni. Mkahawani walikuwepo wazee saba au wanane, wanataniana. Gualter alikuwa ananilalamikia kwamba mkate wangu wa mahindi siku hizi ni mwepesi mno.

Fataki ya kwanza ikapasuka, na kila kijiko kikasimama. Ikapasuka ya pili.

Nawaapia, hakuna aliyefikiri. Wangefikiri wangekumbuka sheria, miaka minne, magoti yao. Viti vilianguka vyote kwa pamoja. Nilitoka mlangoni nikawaona wanakuja kutoka kila kichochoro: kinyozi na wembe mkononi, mteja wake nyuma na povu shavuni, mpiga tarumbeta wa bendi na tarumbeta lake, padre mwenyewe ameshikilia kanzu juu ya magoti. Turubai likatoka juu ya mashua ya zamani, ile ambayo watoto walikuwa wanachezea ndani, na kabla sijamaliza kujipiga ishara ya msalaba ilikuwa majini, watu sita kwenye makasia. Gualter akasimama mbele, mguu mmoja juu ya ubao, mkono umeinuliwa.

Mkononi alikuwa na ufagio wangu. Zamani alikuwa anaegemeza chusa pembeni mwa mlango wangu, na pembeni mwa mlango wangu ndipo ninapoegemeza ufagio.

Kina mama walikuwa wamejaa gatini. Nilianza kucheka mimi, akafuata jirani yangu, mpaka tukashikiliana tusianguke majini. "Gualter, usisahau kufagia na pembe za nyumba," mmoja akapaza sauti. Lakini mashua ilikuwa inakwenda, haki ya Mungu ilikuwa inakwenda kama wapiga makasia wana umri wa miaka ishirini, na boti ya Zulmira ikaifuata badala ya kuitangulia.

Yaliyotokea huko Gualter amenisimulia mara kumi, na kila mara anashusha kijiko mahali pale pale. Walifika mahali fataki ilipoelekeza, wakaacha makasia. Nyangumi jike akapanda juu mbele yao, na ubavuni mwake mtoto. Gualter ufagio juu. Mkono ulikuwa unajua kazi yake, unangoja. Yule mama akageuka upande, akamtazama kwa jicho moja.

"Jicho dogo, Eduína," huniambia. "Kama la ng'ombe. Miaka yote ile nilikuwa natafuta pa kuchoma, jicho sikuwahi kuliona."

Akaushusha ufagio, akaketi. Padre akavua kofia. Makasia hayakuguswa mpaka mama na mtoto walipoinua mikia na kuzama, na hapo Waholanzi, boti yao imeshagusana na mashua, wakaanza kulia na kukumbatiana na kumkumbatia kinyozi. Mpiga tarumbeta hakujua afanye nini na furaha yake, akapiga wimbo wa maandamano ya Pentekoste. Tuliusikia bandarini.

Saa sita bandari ilikuwa kama sikukuu. Nilifungua pipa la mvinyo, Waholanzi wakala pweza kwa mara ya kwanza maishani mwao wakaomba tena. Mtu mmoja tu hakuwepo. Nikafunga jibini na mkate kwenye kitambaa, kama nilivyofanya miaka thelathini, nikapanda genge. Gualter akaja nyuma yangu, anahema, ufagio ndiyo fimbo yake.

Amâncio alikuwa ameketi nje ya kibanda, kichwa mikononi.

"Nimewakimbiza watu bure," akasema. "Redio niliisahau. Nilimwona anapuliza, mkono ukaenda wenyewe kwenye boksi. Nimekuwa kichekesho, Eduína. Jumamosi naondoka, watapumzika."

"Kichekesho ni mimi," Gualter akasema, akamwonyesha ufagio. Kisha akaketi kando yake. "Amâncio, umetuelekeza sawasawa. Mama na mtoto. Wewe hapa uliwaona?"

"Niliona pumzi mbili. Moja ndogo."

"Sisemi pumzi. Ngozi yake. Jicho."

Amâncio akaitazama bahari. "Mimi ni mlinzi. Mlinzi hashuki baharini, unajua. Niliwaona kiwandani, wale wenu mliowaleta."

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Miaka thelathini kaka yangu aliwaona nyangumi kuliko mtu yeyote kisiwani, na kila aliyemwona karibu alikuwa amekufa. Nikamwangalia Gualter, Gualter akaangalia chini.

"Kesho utakwenda kwenye boti ya Zulmira," nikasema.

"Na hapa nani atakaa? Gualter?"

"Mimi."

Wakacheka wote wawili. Mwanamke hakuwahi kukaa kwenye kibanda kile. Mimi mwenyewe chakula nilikiachia kizingitini. Nikawaacha wacheke mpaka wakachoka, nami nimesimama pale pale.

"Jumamosi utapanda ndege," nikamwambia, "sikuzuii. Lakini kesho ni Ijumaa."

Jioni yote alinifundisha, akinigombeza. Usianze na darubini, utapofuka. Tembeza macho matupu kwanza, pole pole, kama unasoma barua. Pumzi ya huyu wa kwetu inaegemea mbele, haisimami wima. Ukiona ndege wamekusanyika, tulia hapo. "Na fataki uziache," akasema. "Utawaua wale wazee."

Ijumaa niliketi kwenye ubao ambao kaka yangu ameuchonga kwa makalio yake miaka thelathini, na mbele yangu ule mpenyo mwembamba wa ukutani, uliojaa bahari. Saa nzima sikuona kitu, roho juu. Halafu kaskazini, mbali, kitu cheupe kikaegemea mbele kikapotea. Nikabonyeza redio, nikawaelekeza: kulia, kulia zaidi, nendeni tu, sasa simameni.

Kwenye darubini boti ilikuwa kama punje. Amâncio alikuwa mbele, nilimjua kwa kofia. Mgongo mweusi ukapanda kando yao, karibu kiasi kwamba nilishika kifua. Kaka yangu akavua kofia, kama anavyoivua mlangoni mwa kanisa, akainama, akanyoosha mkono juu ya maji bila kugusa. Alikaa hivyo muda mrefu sana.

Redio ikakoroma. Alikuwa amejifunza kubonyeza.

"Eduína."

"Nipo."

"Mpigie simu Lucília. Mwambie aje yeye. Aje na watoto, mwezi wa sita, bahari ikiwa imetulia."

Nikaiweka darubini magotini, maana kwa machozi yale haikuwa na faida yoyote.

Redio ikakoroma tena. "Mbona umenyamaza? Mlinzi halii kazini. Yule mdogo ametokea upande gani?"

Nikajifuta macho kwa mkono wa gauni, nikainua darubini, nikatazama.

"Kushoto kwako," nikamwambia. "Geuka, anakuja."