Damu Kwenye Yai

Mwamvita alikuwa na vyumba vitatu vya kupangisha nyuma ya duka lake la kanga, mtaani Mwanjelwa. Kimoja alikichukua Jackline, mkunga aliyehamishwa kutoka Arusha. Mpole, hana makuu. Lakini wiki ya pili Mwamvita alimwona dirishani: anavunja yai kwenye glasi, analiinua kwenye mwanga, analichungulia. La nne akalimwaga.

Alimsimulia Esnath, muuza mayai aliyeteremka kila asubuhi kutoka vijiji vya mlimani.

"Anatafuta nini?"

"Damu. Nimemsikia akisema peke yake, 'Hili lina damu.'"

Esnath akaziangalia trei zake. Mwezi ule kuku wake saba walikuwa wamekufa. Kesho yake Jackline alipokuja kununua, Esnath akamwambia mayai yameisha, ilhali trei mbili zilizojaa ziko mbele yake. Jumapili alimwomba Mungu amfunulie yule mwanamke ni nani. Jumatatu akaona bora aulize mwenyewe. Walikwenda wote wawili, Mwamvita akabisha hodi.

"Kuku wangu wanakufa," alisema Esnath, "na wewe unachungulia damu kwenye mayai yangu."

Jackline aliwatazama. "Mimi ni Myahudi, mama. Tuko wachache kule Arusha, ndivyo tulivyolelewa. Damu kwetu ni mwiko, hata tone."

"Wayahudi wako kwenye Biblia, si Mwanjelwa!"

"Hata kwetu Waislamu damu ni haramu," Mwamvita alisema taratibu, kama anayejisemea. Kisha sauti ikapanda. "Mbona hukuniambia ulipokuja kupanga?"

"Ungenipa chumba?"

Habari zote za Wayahudi alizozijua Mwamvita zilikuwa za vita, za kwenye televisheni.

Esnath alifungua Biblia kwenye simu, akatafuta kitabu cha Walawi, akasoma mara mbili. Msile damu. Miaka yote alikuwa akipapita tu anaposoma. Hata hivyo akataka mayai yavunjwe mbele yake. Jackline akavunja matatu, yote safi, akayakaanga na vitunguu. Mwamvita alikagua kikaango, akauliza mafuta ni ya nini, akajibiwa ya alizeti, ndipo akala. Esnath alikataa kuonja.

Kuku waliendelea kufa hadi bwana mifugo alipopanda kijijini na chanjo ya kideri, ugonjwa unaoua kuku. Esnath hakumwomba radhi Jackline, ila alianza tena kumuuzia mayai.

Baadaye wanawake wa kanisani walimuuliza Esnath kama ni kweli kwa Mwamvita kumepanga mchawi.

"Si mchawi. Ni Myahudi."

"Sasa Wayahudi wanasalije?"

Esnath alianza kueleza, akakwama. Akasema atamuuliza Jackline mwenyewe.