Namba Tatu Hana Mtu

Jamani, Namba Tatu hakuwa na haya! Alikuwa anampokea mtu, anamtupa nje papo hapo, halafu anakaa bure. Tulikuwa na programu nne za kupokea maombi ya hospitali, zote sawasawa, yoyote ingeweza kukuhudumia. Mlangoni tuliweka programu nyingine, tukaiita Mgawaji, na yeye anatazama kitu kimoja tu: nani ana watu wachache. Akimwona Tatu hana mtu, anazidi kumrundikia umati.

Nilishamwambia bosi tuweke kipimo, Mgawaji aulize kwanza kama programu ni nzima. Akanijibu, "Zote ni zilezile, dada. Acha kujitafutia kazi."

Asubuhi hiyo zilifunguliwa nafasi za mashine ya kusafisha damu. Zikijaa, mpaka mwezi ujao, na daktari wa mdogo wangu alishatuambia mwezi ujao ni mbali mno. Mimi siruhusiwi kuombea ndugu. Ukikamatwa, kazi huna. Kwa hiyo baba alikuwa nyumbani anahangaika na simu ya mama, na mimi niko kwenye chumba cha mitambo nampigia kwa simu yake mwenyewe.

"Mwanangu, imenitoa tena."

"Rudi, baba."

"Nirudi mara ngapi? Mimi mpira?"

Nikacheka huku machozi yananilenga. Mara akapaza sauti, "Nimeingia! Inauliza jina la mgonjwa!"

Nikatazama kwenye skrini: yuko kwa Namba Mbili. Kila alichoandika kilikaa kwa Namba Mbili peke yake mpaka abonyeze kutuma, na baba ana vidole vizito. Huku kwa Tatu mistari myekundu inashuka mfululizo, watu wanatupwa nje, na kila mstari ni baba wa mtu. Nikajiambia, wangu keshaingia, acha niwafungulie na wengine. Sikumuuliza bosi. Nikamwondoa Tatu.

Umati wote ukawageukia watatu waliobaki kwa mkupuo. Namba Moja akahimili. Namba Nne akahimili. Namba Mbili akazidiwa, akazima, kisha akajiwasha upya hakumbuki mtu.

"Mwanangu," baba akasema, "nilikuwa nabonyeza kutuma. Sasa imeandika 'Karibu'."

Bosi akachungulia mlangoni, uso umemchangamka. "Naona watu wanaingia vizuri sasa. Umeona? Nilikwambia hazina shida." Akaenda zake.

Kwenye skrini yangu nafasi zilikuwa zinajaa moja baada ya nyingine, na ya mwisho ikajaa huku naiangalia. Ndani ya simu nikamsikia mdogo wangu, sauti imekauka, "Baba, tumepata?"

"Bado, mama, tulia kidogo. Dada yako yupo hukohuko." Kisha akanirudia mimi, "Nijaribu tena?"

"Jaribu tena, baba," nikamwambia.