Taa ya Bi Mauza Iliwaka Mchana

Mtaani kwetu Kariakoo, habari za Bi Mauza hatukuziuliza, tulizisoma kwenye taa. Mjane wa Kiarabu, ghorofa ya tatu, watoto wote Maskati. Adhana ya magharibi ikilia anawasha taa ya roshani, na sisi wa chini, tukiwa tunafunga maduka, tunainua shingo. Ikiwaka mapema, kapata mgeni; tutajua nani kabla ya kulala. Ikichelewa, mguu unamsumbua, na asubuhi mtu anampandishia uji. Isipowaka na umeme upo, ni kuvunja mlango. Hilo halikuwahi kutokea, ila kila mtu alilijua.

Sasa Elimringi, Mchaga wa duka la taa hapo chini, akamwonea huruma. Swichi ya roshani iko nyuma ya kabati, mama wa watu mpaka ajikunje. Akampelekea balbu ya zawadi, zile zinazojiwasha zenyewe giza likiingia na kujizima kukikucha. Akamfungia kwa mkono wake, akashuka, hakumwambia mtu. Na jioni yeye naye aliinua shingo kama sisi, akasema, "Mama mzima." Mazoea hayo.

Ikaja siku ya mvua. Saa saba mchana wingu likatoka upande wa Jangwani, jeusi tii, mtaa wote ukafifia. Wenye mitumba wakawa wanakimbiza mafurushi. Abdulswamad, muuza kahawa wetu, akatazama juu akacheka.

"Oneni! Bi Mauza leo kafungua magharibi ya kwake!"

Kweli, taa inawaka.

"Atakuwa na mgeni," nikasema mimi.

"Mgeni gani wa saa saba, Mama Tarsis? Mchumba?"

Tukaangua kicheko. Elimringi hakucheka. Alikuwa na katoni mkononi, akaiweka chini taratibu kama mayai.

"Mama Tarsis, Bi Mauza umemwona lini?"

"Jana taa si iliwaka?"

"Sikuulizi taa. Nakuuliza yeye."

Akatueleza habari ya balbu. Abdulswamad akaweka birika chini. Kahawa yake hajaiagiza tangu juzi, akasema. Alidhani kafunga sunna. Binti anayemsaidia kazi kaenda Tanga harusini, hilo nililijua mimi kuliko wote, hata rangi ya sare zao naijua. Taa tuliiona sote. Mtu hakuna aliyemwona.

Tukapanda. Ngazi za jengo lile hazina taa hata moja, na kwa wingu lile zilikuwa kama pango. Tukamulika kwa simu. Mimi ambaye sinyamazi hata kanisani, nilinyamaza. Nilikuwa nanusa. Mungu anisamehe, kila ngazi nilikuwa nanusa.

"Hodi! Bi Mauza, hodi!"

Kimya. Chini huko spika za wauza nguo zinapiga kelele bei ya kutupa. Hapo ungelia mpaka ukauke nani akusikie? Abdulswamad akapiga namba yake. Tukaisikia simu inaita kwa ndani, mbali kidogo, inaita mpaka ikakata.

Elimringi akashuka mbio, akarudi na mtaimbo. Geti la chuma likagoma, kisha likaachia, na mlango ukafuata.

Alikuwa sakafuni, kati ya choo na sebule, mguu mmoja umelala vibaya, kanga imemfunika nusu. Macho wazi. Nikajua tumechelewa. Nikaanza kupiga yowe, na yale macho yakageuka yakanitazama.

"Maji," akasema.

Nikamlowesha midomo, iliyopasuka kama udongo wa kiangazi, kwa ncha ya kanga. Elimringi akapiga magoti. "Shikamoo mama. Mama, nisamehe."

"Marahaba." Akapumzika kidogo. "Nilipoanguka sikuogopa. Nikasema, magharibi ikiingia taa haitawaka, watakuja; balbu yako nimeisahau. Nikangoja. Kisha ikajiwasha. Mwanga ukaja mpaka hapa nilipolala." Akameza mate. "Nikakusikia wewe Mama Tarsis, chini, unanipigia kelele, 'Bi Mauza, lala salama!'"

Mvua ikaanza kupiga mabati.

Tulimshusha ndani ya shuka, watu sita, Elimringi mbele anamulika kwa simu, machozi yanamtiririka. Kwenye kona ya pili Bi Mauza akageuza uso ukutani, asiuone ule mwanga.

"Mbona mmenyamaza?" akauliza. "Semeni. Niwasikie."

Basi tukasema. Nikamsimulia harusi ya Tanga yote, bibi harusi kagombana na wifi, pilau limeungua, na nisichokijua nikakitunga. Abdulswamad akadakia. Tukashuka hivyo, tunaropoka, na kila niliponyamaza kuvuta pumzi vidole vya Bi Mauza vilinibana mkono mpaka niendelee.