Lenzi ya Kosgei na Uso wa Mama Mkwe

Kosgei alipiga picha soko lote la Olenguruone, harusi na mazishi, hata ng'ombe wa watu, lakini mama mkwe wake hakumpiga hata mara moja. Angewezaje? Mkwe ni mkwe. Humkodolei macho kupitia kitundu, jicho moja umefumba kama unayemkonyeza. Basi Kosgei akafa, na mama mkwe huyo, Chepkemboi, akazidi kuzeeka bila picha yake hata moja ukutani.

Hilo lilimuuma Jepkemei, mjane wa Kosgei na binti wa Chepkemboi. Mwaka 2007 mwanawe Weldon aliponunua kamera ya dijitali, akamtolea lenzi ya marehemu sandukuni. Kosgei amtazame mkwewe sasa, hakuna aibu tena. Weldon akaipeleka Nakuru, fundi akamchongea pete ya kuishikisha kwenye kamera mpya, akarudi nayo Krismasi.

Kikongwe akaketi mbele ya ghala, shanga shingoni, mahindi ya mbegu yakining'inia nyuma yake.

"Weldon, hii bunduki yako italia saa ngapi? Shingo inakauka!"

"Ngoja, kogo," Weldon akamwambia bibi yake. " Hii lenzi haijipangi yenyewe. Ni ya kuzungusha na mkono."

Jepkemei akaleta kamba. Kosgei, macho yalipofifia, alikuwa akipima kwa kamba yenye mafundo, kutoka pua ya mtu mpaka kwenye lenzi, kisha akazungusha lenzi hadi namba ya fundo lile iliyochorwa juu yake.

"Mama, si naona na macho yangu?"

"Baba yako hakuharibu picha na hii kamba. Weka fundo la pili."

Weldon akachungulia, akasita, akabonyeza. Kwenye kioo kidogo cha kamera kogo alionekana mdogo kama ukucha, anacheka. Wakashangilia.

Januari, kwa ghasia za uchaguzi, barabara zikazibwa kwa magogo na moto. Chepkemboi akashikwa na kifua, hakuamka tena. Njia zilipofunguka kidogo Weldon akafika na picha kubwa ya kubebwa mbele ya jeneza.

Jepkemei akafunua gazeti lililofungia picha. Mahindi ya nyuma ungeyahesabu punje kwa punje. Uso wa mama yake ulikuwa uji.

"Aki mahindi imetoka smart," alisema Cheptanui, dadake Jepkemei, kisha akaziba mdomo.

"Ni ile pete," Weldon akasema. "Ni nyembamba kidogo. Lenzi ikakaa ndani sana, namba za baba hazikuwa sawa tena."

"Na kwa kitundu hukuona?"

"Niliona, mama. Nikiweka fundo la baba, kogo aliingia ukungu."

"Ukanyamaza."

"Ningekuambia aje baba amekosea? Na vile ulikuwa umefurahi."

Jepkemei alipangusa kioo cha picha kwa leso, tena na tena, kama kwamba ni vumbi.

"Ungenikatalia, Weldon. Ningekasirika mpaka chai ya jioni, basi."

Nje walikuwa wameshainua jeneza. Akaibeba picha, akaigeuza iwaelekee watu, akatangulia.