Nyumba Iliyotoka Nje Kukaguliwa

Yaqdhan alichukua miezi minne kujifunza mlango, na mimi ndiye niliyemfundisha. Kwa hivyo yaliyotokea Alkhamisi ile siwezi kumsukumia mtu mwengine.

Nyumba yetu iko Sib, pembeni ya Maskati, mitaa mitatu kutoka sokoni. Wanakaa watu wazima wawili waliozaliwa na akili inayojifunza polepole: Yaqdhan, miaka thelathini na nane, na Thabit, arubaini na moja, mwili kama kabati. Nyumba ni yao. Mie ni mwangalizi tu, nna chumba changu kidogo nyuma ya jiko tangu marehemu mume wangu Saud alipotangulia mbele ya haki. Asubuhi anakuja Nyamizi, mwanamke wa Tabora, kupika na kufua.

Mwaka jana alikuja mtu akagonga. Yaqdhan akauliza, "Nani?" Akajibiwa, "Mimi." Akafungua. Huyo mimi alikuwa muuza machujio ya maji, na nilipomaliza sala ya dhuha nilimkuta keshafungua mabomba yote ya jikoni atuonyeshe kutu yake. Siku mbili tukakaa hatuna maji. Ndipo nikamfundisha Yaqdhan kama nilivyofundishwa mie chuo cha Kurani Unguja nikiwa na miaka sita: anayepiga hodi aseme jina lake. "Mimi" si jina. Akipiga mara tatu na jina hakulitaja, arudi alikotoka na wala asikasirike. Miezi minne nzima. Alipoijua, aliijua kama anavyoijua Fatiha.

Sasa Alkhamisi hiyo leseni ya nyumba ilikuwa inakwisha. Fomu ya ukaguzi isipofika ofisini kabla ya saa nane na nusu, ofisi inafungwa Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili gari linakuja. Yaqdhan angepelekwa kituo kikubwa cha watu sitini, Thabit kwa kaka yake mjini Nizwa. Wamekaa pamoja miaka tisa. Thabit hapati usingizi mpaka amsikie Yaqdhan anakoroma.

Saa tatu akaingia getini mwanamme wa miaka thelathini hivi, kanzu imepigwa pasi vizuri, mkoba mkononi, na kadi kifuani ina namba 17. Nilikuwa namwona kwa dirisha la jiko. Akapita uwanja, akagonga mlango wa nyumba.

"Nani?" akauliza Yaqdhan.

"Mkaguzi."

"Jina lako?"

"Mkaguzi namba kumi na saba."

Akagonga tena.

"Nani?"

"Mimi, bwana, mkaguzi. Nimetumwa na ofisi."

Nikafumba macho. Keshasema mimi.

Akagonga mara ya tatu. "Kumi na saba!"

"Mara tatu," akasema Yaqdhan kwa upole kabisa. "Rudi salama." Ufunguo ukazunguka.

Nikatoka mbio kwa mlango wa jiko, buibui upande. "Assalaam alaykum, mwanangu. Si ungemtajia jina tu?"

"Wa alaykum ssalaam, khala—" Nusura aniite mama mdogo; akajikatiza kama mtu aliyekanyaga mwiba. "Mhusika. Samahani, mhusika. Jina siwezi. Kuna waraka."

Akanisomea waraka. Mkaguzi hasemi jina lake, wala la baba yake, wala kwao wapi, mpaka fomu iwe imefika ofisini. Sababu yake ni sisi wenyewe. Maskati hii mtu akitaja jina na la baba yake, kahawa haijamiminwa keshapatikana shangazi wa pande zote mbili, na mtu kumkagua jamaa yake haikubaliki, ukaguzi unabatilika. Mwezi uliopita peke yake, akasema, kaguzi kumi na moja zilibatilika namna hiyo.

"Basi pita jikoni," nikamwambia.

Akaitazama fomu yake kwa masikitiko. "Kipengele cha tisa: nani anaamua anayeingia nyumbani? Nikipitishwa na wewe, jibu ni wewe, si wao. Nyumba imeanguka."

"Na Yaqdhan asipokupitisha?"

"Kipengele cha tisa mmefaulu. Tena vizuri sana. Ila nyumba haijakaguliwa."

"Na ikiwa haijakaguliwa?"

"Inafungwa."

Ningeweza kumwamuru Yaqdhan afungue. Angefungua, ananitii. Lakini angejua siku hiyo kwamba kanuni yangu ni ya wauza machujio tu, mtu mwenye kadi haimhusu, na kesho angemfungulia kila mwenye kadi. Nikabaki pale juani natembeza tasbihi.

Thabit akatoa kichwa dirishani. "Bi Mahfoudha, huyo anataka nini?"

"Anataka kuona vitanda vyenu, baba."

Sikukusudia kitu. Nilimjibu tu. Lakini Thabit anakipenda kitanda chake kuliko halua, na hajapata kuombwa na mtu akionyeshe. Baada ya dakika tukasikia chuma kinakwaruza ukumbini, mlango ukafunguliwa wazi, na Thabit akatoka na kitanda mgongoni, shuka na mto juu yake.

"Yaqdhan!" nikasema. "Umefungua?"

"Kutoka hakuna hodi," akasema Yaqdhan, akafunga tena.

Mkaguzi akakitazama kitanda. Akaitazama fomu. Nilimwona anausoma waraka mbele na nyuma, midomo inacheza. "Haijaandikwa," akasema taratibu, "kwamba lazima mkaguzi aende kwenye kitu. Imeandikwa akione." Akakaa juu ya kitanda, akabonyeza godoro. "Godoro zuri."

Thabit akacheka mpaka akakohoa. Na nyumba ikaanza kutoka.

Kilitoka kitanda cha Yaqdhan. Likatoka kabati la dawa, mkaguzi akasoma tarehe za chupa moja moja. Ikatoka meza ya kulia na viti vyake, tukavipanga chini ya banda la gari vile vile vilivyokuwa ndani, maana fomu inauliza kama mpangilio unapitika, na mkaguzi akapita katikati mara mbili, mikono kifuani, kama mtu aliye kwenye ujia. Likatoka friji. Ilibidi tulivutie waya kupitia dirishani lisipoteze baridi, kwa sababu kipimo cha baridi yake kina mstari wake kwenye fomu. Kiyoyozi hakitoki ukutani, basi Yaqdhan akafungua kidirisha, baridi ikatoka yenyewe, mkaguzi akaweka shavu. Choo nacho hakitoki. Nyamizi akaingia akavuta maji, na mkaguzi akasimama chini ya kidirisha cha choo anasikiliza, kichwa kimeinama.

"Tena," akasema. Nyamizi akavuta tena.

"Sauti yake safi." Akaandika.

Jirani yetu Kawthar akachomoza kichwa juu ya ukuta. "Yakhe, mnahama bila ya kuagana?"

"Tunakaguliwa," nikamwambia.

"Masikini! Na friji pia?" Akatuletea birika la kahawa na sahani ya tende juu ya ukuta, kama watu waliofiwa.

Nyamizi alikuwa keshachoka, jasho mpaka kwenye nyusi. "Mama, mimi nilikuja Oman kufanya kazi ya ndani," akasema. "Ndani yenyewe iko wapi?"

Thabit akawa hachagui tena. Akaingia chumbani kwangu, na kabla sijawahi kumzuia akatoka na picha ya marehemu Saud, akaiegemeza kwenye mto wa kitanda, ubavuni mwa mkaguzi.

Sasa Saud, Mungu amrehemu, alikuwa na masikio ya ukoo wao. Yamesimama kama vishikio vya sufuria. Shemeji zangu wote wanayo, na watoto wao. Na mkaguzi huyu, nisiseme uongo, masikio yake niliyaona tangu getini, ila nilikuwa nayaangalia kama mtu anavyoangalia jua, kidogo tu kisha macho pembeni. Nikiuliza nitajua. Nikijua itanibidi niseme, maana uongo sijauzoea. Na nikisema, ukaguzi umebatilika na Jumapili gari liko mlangoni.

Nyamizi akaitazama picha. Akamtazama mkaguzi. Akarudi kwenye picha.

"Mama! Hebu angalia haya masi—"

"Nyamizi, kahawa."

"Lakini Mama, ni kama mtu na—"

"Kahawa, Nyamizi!"

Mkaguzi alikuwa ameinamia picha. Aliitazama muda mrefu kuliko alivyotazama dawa. Kisha akaigeuza kifudifudi juu ya mto kwa vidole viwili, akaifunika na ncha ya shuka. "Picha haimo kwenye fomu," akasema.

Ikaadhiniwa adhuhuri. Mkaguzi na Thabit wakatawadha kwenye bomba la bustani, wakasali katikati ya vitanda na friji. Mie nikasali jikoni, nikamwomba Mola nisije nikauliza.

Ikabaki kipengele cha mwisho, nacho ndicho chenyewe. Kila mkaazi aulizwe kwa kinywa chake, mwangalizi asiwe karibu: unataka kuendelea kuishi hapa? Asipojibu mmoja, fomu haikukamilika. Nikasogea mpaka kwenye kamba ya nguo, lakini masikio yangu mie hayana kipengele.

Thabit alijibu upesi. "Nataka. Kitanda umekiona, au hukukiona?"

Mkaguzi akaenda mlangoni. "Yaqdhan, nna suali moja tu."

"Nani?"

"Namba kumi na saba."

"Namba haiulizi."

"Yaqdhan, tafadhali. Unataka kuishi nyumba hii?"

Saa saba na dakika hamsini. Mkaguzi akafuta jasho kwa kilemba chake, akauliza tena, na mlango ukabaki mlango tu. Nilikuwa nimeshika kanzu kavu ya Thabit kwenye kamba, naikamua na haina maji. Nikasema moyoni, Mahfoudha, umemfundisha mwenyewe, na sasa atapelekwa kwa watu sitini kwa adabu yake njema.

Thabit akaja akasimama ubavuni mwa mkaguzi, akagonga.

"Nani?"

"Thabit."

"Ndio, Thabit."

"Huyu anauliza unataka kukaa hapa?"

"Wewe upo?"

"Nipo."

"Basi nataka," akasema Yaqdhan. "Kitanda changu mrudishe, nimechoka kusimama."

Mkaguzi akaandika akiwa ameegemea mlango. Akatia sahihi, akaipiga picha fomu kila ukurasa, akaituma kwa simu. Tukangoja sote, Kawthar ukutani. Simu ikalia mlio mdogo. Imefika, saa nane na dakika nne. Nikasema alhamdulillahi mpaka sauti ikanikatika.

Mkaguzi angeweza kuondoka. Lakini aliona nyumba nzima iko uwanjani na mie na Nyamizi hatuna mgongo tena, akakunja mikono ya kanzu, akashika friji upande mmoja, Thabit upande wa pili. Wakafika mlangoni nalo limelala kwa upande.

"Nani?" akauliza Yaqdhan.

"Thabit."

"Karibu Thabit. Nani mwengine?"

"Friji," akasema Thabit.

"Karibu friji. Nani mwengine?"

Friji likatetereka. Mkaguzi akanitazama juu ya bega, masikio yamewiva mekundu.

"Humaid," akasema. "Humaid bin—"

Jina lake sasa ruhusa, lakini la baba nikilisikia itanibidi niseme. Nikakohoa. Nilikohoa kama trekta asubuhi ya baridi, mkono kifuani, mpaka Nyamizi akanipiga mgongoni. Nilipomaliza, la baba lilikuwa limekwishapita.

"Moja latosha," akasema Yaqdhan, akafungua mlango wote. "Karibu Humaid. Viatu."

Na Humaid, friji mikononi, akaanza kuvua viatu, mguu mmoja ukisaidia mwengine, na Thabit anamhimiza, "Haraka bwana, zito hili," na mie nikaenda jikoni kumpakulia wali, mnofu mkubwa juu, kama anavyopakuliwa mgeni yeyote.